Uso Ulioonekana Siku ya Jumapili

Jumatatu, 7 Oktoba

Wamerudi. Tazameni aina ya kurudi kwenyewe! Kete sita za sataranji, kati ya zile zote zilizofukuliwa katika mchanga wa Ùig, kijiji chetu cha kisiwani, karibu miaka mia mbili iliyopita, zimeletwa kutoka London katika sanduku la chuma, na walinzi wawili, na kibali chenye mhuri. Zililala hapa karne kadhaa bila kuhitaji hati ya mtu yeyote; leo zinakuja kwao kama wageni, kwa mkopo, hadi mwanzoni mwa Desemba. Mimi nimeahirisha muhula mzima wa chuo kikuu, Glasgow, ili nikae kando ya kabati lao katika ukumbi wa kijiji na kulifuta vioo. Wenzangu wa chama cha wanafunzi wananiuliza kama nimestaafu siasa. Sijastaafu. Nimehamia mstari wa mbele.

Nimewatazama hadi macho yameniuma. Mfalme ameweka upanga juu ya mapaja. Malkia ameshika shavu kama aliyepokea habari mbaya sasa hivi. Kuna askofu, kuna mpanda farasi, kuna walinzi wawili, na mmoja wao anaing'ata ngao yake kwa meno ya juu huku macho yamemtoka pima. Wote ni wadogo kuliko kiganja changu, wamechongwa kwa meno ya mnyama wa bahari ya barafu, na rangi yao ni ya siagi ya zamani.

Nilikuwa nikiwahutubia, kwa sauti, juu ya haki ya watu kumiliki historia yao, Tormod mtunza ukumbi alipoingia na ndoo.

"Raonaid," akasema, "hao hawapigi kura. Shika ufagio."

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Wageni watatu na mbwa mmoja. Mbwa ndiye aliyetazama kwa makini zaidi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimegombana na Baba. Wazee wa kanisa wameshikilia kwamba ukumbi ufungwe Jumapili, na Tormod amekubali bila hata kukohoa. Nimesema kwamba watu waliosafiri siku mbili kuja kuziona kete hizi watakuta kufuli, kwamba kisiwa hiki kinajifunga chenyewe mnyororo kisha kinauita mkufu. Baba alikuwa akivua viatu. Yeye ndiye mtanguliza zaburi: huanza mstari kwa sauti ile yake nzito, peke yake, na kanisa zima humfuata kama mawimbi yanavyofuata upepo. Nyumbani hazungumzi sana.

"Hizo kete zimengoja miaka mingapi?" akauliza.

"Mia nyingi, Baba."

"Basi zitangoja hadi Jumatatu."

Shangazi Peigi, dada yake, anayetutunza tangu mama alipofariki, aliniwekea sahani mbele. "Kula heringi yako, mwanamapinduzi. Serikali itaanguka, lakini viazi vitapoa kwanza."

Jumapili, 13 Oktoba

Hakuna kilichotokea. Hata nguo hazianikwi. Nimesoma magazeti chini ya blanketi kama mhalifu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Baba amekuja ukumbini hatimaye. Alivua kofia mlangoni kama anayeingia kwenye msiba. Aliwapita mfalme na askofu bila kusimama, akafika kwa mlinzi anayeng'ata ngao, akainama hadi pumzi yake ikachafua kioo.

"Huyu anaogopa," akasema.

Nilimwambia kwamba hapana, wataalamu wanasema huyo ni shujaa aliyepandwa na ghadhabu ya vita.

"Labda. Mimi nimewahi kung'ata kamba ya mashua nisipige kelele." Akavaa kofia, akaenda zake. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizonipa mwaka huu.

Jumapili, 27 Oktoba

Naandika haraka.

Jana tulipigwa na dhoruba hadi jioni. Leo, baada ya ibada, Baba alikwenda pwani kuwatazama kondoo. Kumtazama mnyama ni kazi ya rehema, inaruhusiwa. Alirudi amechelewa, akaketi mezani, hakugusa kijiko.

"Nimeona uso," akasema.

Shangazi aliacha kumimina chai. "Uso wa nani?"

"Mdogo. Kwenye ukingo wa kilima cha mchanga, karibu na mdomo wa mto, pale ulipomeguka jana. Nilipuliza mchanga kidogo. Ana macho. Meno yapo juu ya ngao."

Sikumbuki kusimama, lakini kiti changu kilianguka. Kuna kete zilizokosekana tangu mwanzo; kila mtoto wa hapa anajua hilo. Fikiria! Kete iliyozaliwa upya katika ardhi yetu, mikononi mwetu, mbele ya macho yetu! Sheria inasema ni mali ya Taji, yaani ya serikali, najua, ningeandika taarifa mwenyewe. Lakini ni nani angethubutu tena kusema kwamba kete hizi hazina kwao?

"Iko wapi?"

"Ipo palepale."

"Hukuichukua?"

"Leo ni Jumapili, Raonaid."

"Baba, maji yanapanda! Dhoruba nyingine inakuja usiku huu, redio imesema!"

"Kaa chini. Aliyeiweka pale anaijua Jumapili kuliko wewe. Alfajiri tutakwenda."

Nilielekea mlangoni. Alisogeza kiti chake, akakaa mbele ya mlango, mikono juu ya magoti, na hakunitazama kwa hasira. Nimehutubia mikutano ya watu elfu. Nimesukumana na polisi. Sikuthubutu kumpita baba yangu kwenye kiti.

Sasa upepo umeanza. Nyumba inaguna.

Jumatatu, 28 Oktoba

Hakuna kitu. Tulifika mwanga ulipoanza kuonekana. Ukingo umerudi nyuma hatua kadhaa, umekatwa wima kama mkate, na chini yake ni mwani na povu. Baba alisimama akielekeza kidole kwenye hewa, mahali ambapo jana palikuwa na mchanga.

Nami nikasema. Nayaandika maneno yangu kama yalivyotoka, kwa sababu nilijivunia ukali wake: "Ulimpa Mungu Jumapili yako, naye akaipa bahari kete ya watu wako. Tumepoteza kwa sababu ulikaa kwenye kiti."

Baba alirudi nyumbani kuchukua koleo.

Jumanne, 29 Oktoba

Anachimba.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua. Anachimba.

Ijumaa, 1 Novemba

Nilikwenda naye kabla ya kufungua ukumbi. Nakiri nilifurahi: mtu wa zaburi ameshika koleo kwa ajili ya hoja yangu! Furaha ilikufa nilipoona namna anavyochimba. Hachimbi kutoka juu. Ameingia chini ya ukingo, kwa magoti, kama mtu anayeingia tanurini, na juu ya mgongo wake kumening'inia kilima kizima, kimeshikwa na mizizi ya nyasi tu. Kila alipochota, mchanga mwembamba ulimiminika shingoni mwake ukitoa sauti kama ya kunong'ona.

"Baba, toka humo."

"Kama haikuzama baharini, imerudi ndani," akasema kutoka gizani. "Mchanga hutembea."

Jumapili, 3 Novemba

Amelala kwenye kiti baada ya ibada, mdomo wazi. Mikono yake ina malengelenge. Nami nimelala.

Jumatano, 6 Novemba

Mchanga ulimshukia leo hadi mapajani. Alijitoa mwenyewe. Alirudi na mchanga masikioni, Shangazi akamkung'uta kwa ufagio wa uani kama zulia, akimtukana kwa kila jina la ukoo wetu.

"Mzee mzima! Unajizika bila hata kumlipa mchimba kaburi!"

Hakucheka. Usiku huu nilimfuata zizini nikamwambia niliyapima vibaya maneno yangu, kwamba sitaki kete, namtaka yeye.

"Ulisema kweli au ulisema uongo?"

"Nilisema kwa hasira."

"Sikukuuliza habari ya hasira." Alikuwa akimkamua ng'ombe, paji la uso limeegemea ubavu wa mnyama. "Mimi nasema Mungu hamdhulumu mtu kwa kumtii. Nitakapoiweka mkononi mwako utajua."

Sasa nimeelewa. Hachimbi kwa ajili ya watu wake, wala kwa ajili ya historia. Anachimba kuiokoa imani yake mbele yangu. Mimi ndiye niliyemwingiza chini ya kile kilima, kwa sentensi moja iliyopangwa vizuri.

Jumamosi, 9 Novemba

Tormod ameanza mzaha. "Baba yako anachimba kwenda Kanada? Mwambie babu yangu alikwenda kwa meli, haikumchukua muda."

Nilitaka kumpiga kwa ufagio. Nimepiga simu ofisi ya bara inayoshughulikia vitu vya kale. Mtu mpole sana amesema watatuma mtu baada ya mwaka mpya.

Jumapili, 10 Novemba

Nimelala kama jiwe.

Alhamisi, 14 Novemba

Siwezi tena kukaa na hizi kete. Wageni wananiuliza maswali, nami najibu nikitazama dirisha, nikisikiliza. Kila upepo ukibadilika, naona mchanga. Leo mwanamke mmoja aliniuliza kwa nini malkia ameshika shavu. Nilimwambia: "Kuna mtu wake hajarudi nyumbani." Sijui wataalamu wanasemaje. Sijali.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimelificha koleo chini ya nyavu za zamani. Amechimba kwa kijiko cha kutolea majivu jikoni. Nimelirudisha koleo, angalau mpini wake ni mrefu.

Jumapili, 17 Novemba

Niliiita siku hii mnyororo. Niliandika makala, nikapigiwa makofi. Leo niliamka kabla ya wote nikasikiliza: hakuna buti, hakuna mlango, hakuna chuma juu ya jiwe. Baba yuko ndani. Siku sita naishi nikiwa nimeshikilia pumzi. Ya saba naitoa. Sijamwamini Mungu tangu nikiwa na miaka kumi na sita, lakini nimekaa kanisani leo nikisikiliza sauti ya Baba ikitangulia, na nikaomba kitu kimoja tu: kwamba kesho isifike.

Jumatatu, 18 Novemba

Imefika.

Jumatano, 27 Novemba

Nimepanda juu ya kilima, upande wa malisho. Kuna ufa. Unapita kwenye nyasi sambamba na ukingo, mrefu kama boma la kondoo. Nililala kifudifudi nikaingiza mkono, ukaingia hadi kwenye kiwiko, na hewa baridi ikanipulizia vidoleni. Kilima kimeshaamua kuondoka, kinasubiri kusukumwa. Kutoka chini, ndani kabisa, nilisikia koleo.

Nilimwita. Nikalia. Nikamwambia habari ya ufa. Akatoka, akatazama juu, akafuta jasho. "Nitachimba upande wa kulia," akasema.

Redio inatabiri: Jumatano ijayo, upepo wa kaskazini-magharibi, mkali kuliko wote wa majira haya, nao utakutana na bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Bahari itaufikia mguu wa kilima mchana kweupe, wakati ambapo yeye yumo.

Shangazi amesikia utabiri pamoja nami. Hakutoa mzaha. Amesema tu, akikunja kitambaa: "Ninayemjua ni mmoja tu anayeweza kumtoa kaka yangu kazini. Na huyo huja Jumapili."

Ijumaa, 29 Novemba

Nimefanya jambo ambalo wenzangu wa Glasgow wasingelisadiki.

Hapa kwetu, baraza la wazee wa kanisa lina mamlaka ya kutangaza siku ya unyenyekevu na kufunga: siku yoyote ya juma, kwa ajili ya tauni, au njaa, au bahari isiyotulia. Siku hiyo hushikwa kama Jumapili. Halitwaliwi koleo, haiwashwi mashine. Shangazi anakumbuka iliyotangazwa alipokuwa msichana, mashua ilipochelewa.

Walikuwa wanakutana jioni katika chumba cha nyuma cha kanisa. Wazee watano wenye suti nyeusi, jiko linalochoma udongo mkavu wa kinamasi likitoa moshi kuliko joto, na Mzee Fionnlagh, mwenye duka, mtu niliyemwita gazetini "kufuli lenye miguu", amekaa kichwani mwa meza. Nilisimama mbele yao. Nilikuwa nimejiandaa.

"Wazee wangu," nilianza, "historia ya watu wadogo ni historia ya wale ambao taasisi zao zilisimama wakati..."

"Keti, binti," akasema Fionnlagh. "Huu si mkutano wa hadhara. Kuna nini?"

Niliketi. Nikawaambia habari ya uso, na Jumapili, na koleo. Nikawaambia utabiri. Nikaomba watangaze Jumatano.

Mmoja akasema, bila ubaya, "Siku ya kufunga si kamba ya kumfungia ng'ombe mkaidi."

"Na wewe huamini hata moja ya siku zetu," akasema mwingine. "Tulisoma ile makala yako. Mke wangu aliitumia kuwashia moto."

"Mwambie mwenyewe aache," akasema wa tatu.

"Nimemwambia kila siku! Hanisikii. Nitamwambiaje atoke, na mimi ndiye niliyemtuma?"

Nilitafuta hoja. Ninazo hoja nyingi. Nimeshinda midahalo katika miji mitatu. Nilifungua mdomo ili nizungumzie wajibu wa jumuiya kwa mtu mmoja, na kilichotoka ni hiki: "Naogopa."

Nikarudia. "Naogopa. Naogopa usiku, naogopa mchana nikiwa kazini. Nimeingiza mkono kwenye ule ufa. Baba yangu atakufa Jumatano, nami sina neno lingine."

Jiko lilirusha cheche. Fionnlagh alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana.

"Baba yako, Murchadh, ametutangulizia zaburi tangu kabla hujazaliwa," akasema. "Sisi sote tumemwona pale chini. Kila mmoja alidhani mwingine ataongea naye." Akawatazama wenzake, mmoja baada ya mmoja, na nikaona wanaangalia meza. "Hatutataja jina. Wala hatutadanganya. Bahari imechafuka majuma matano, wavuvi hawajatoka, na wapo watu hatarini. Hilo ni kweli, na kwa hilo mtu anaweza kufunga."

Kisha akanigeukia. "Lakini siku ni siku, Raonaid. Haitakuwa ya Murchadh peke yake. Utaishika nawe, kutwa nzima. Ukumbi umefungwa, mikono imetulia. Ukiivunja wewe uliyeiomba, yeye ataishika kwa nini?"

Nikasema nitaishika. Wakaniombea, nikiwa nimeketi katikati yao, kwa sauti zile kavu nilizokuwa nikiziigiza kwenye karamu za wanafunzi watu wakacheka.

Jumapili, 1 Desemba

Imetangazwa. Nilimtazama Baba kwa pembeni. Hakugeuka. Taya lake tu lilisogea, kama mtu anayetafuna kitu kigumu.

Jumanne, 3 Desemba

Amerudi gizani, macho yanang'aa. "Nimefika kwenye tabaka jeusi," amemwambia Shangazi. "Limejaa magamba na majivu. Wamekaa watu pale. Bado kidogo tu."

Bado kidogo tu! Na kesho ndiyo kesho. Ataishika? Itakuwaje mtu ambaye hakuichukua kete Jumapili akiona kwamba Jumatano si Jumapili? Upepo umeshika. Sitalala, na kesho sitaandika, kwa maana kuandika ni kazi, nami nimeahidi.

Alhamisi, 5 Desemba

Jana, kabla ya kupambazuka, nilisikia buti zikipita sebuleni. Zikafika mlangoni. Zikasimama. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimeng'ata shuka. Mlango ulifunguliwa, upepo ukaingia hadi chumbani kwangu, mlango ukafungwa. Nilihesabu hadi nikapoteza hesabu. Kisha mlango tena, na sauti ya Baba: "Ng'ombe amekula. Peigi, suti yangu iko wapi?"

Kanisa lilijaa. Upepo uliipiga paa hata mhubiri akawa kama anayezungumza ndani ya pipa. Baba alisimama, akafumba macho, akautoa mstari wa kwanza, na watu wakaupokea. Walikuwa katika ubeti wa mwisho mngurumo ulipokuja. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mzito, wa chini, tuliusikia kwa miguu kuliko kwa masikio. Sauti ya Baba ilikatika. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu kanisa lilibaki bila wa kulitangulia. Kisha Mzee Fionnlagh, ambaye hawezi kuimba hata kwa mtutu wa bunduki, akaubeba mstari kwa sauti kama ya kunguru, na wengine wakamfuata, hadi Baba alipoweza kurudi.

Tulipotoka tulipita njia ya juu, ya malisho. Kilima hakikuwepo. Nusu nzima ilikuwa imeshuka, na pale Baba alipokuwa akiingia kwa magoti palikuwa na mlima wa mchanga mbichi wenye nyasi zilizopinduka. Shangazi alijifunika mdomo, akaenda nyumbani. Sisi wawili tulibaki kwenye uzio. Baba alikuwa ameshika waya kwa mikono yote miwili.

Yeye ndiye aliyekiona kwanza. Nilijua kwa jinsi alivyoacha kupumua.

Chini, juu ya ule mchanga ulioporomoka, kilikuwepo kitu kidogo, kimesimama wima. Rangi ya siagi ya zamani. Mawimbi yalikuwa bado hayajakifikia, lakini kila moja lilikaribia kuliko lililopita. Hapakuwa tena na ukingo wa kumwangukia mtu. Mteremko ulikuwa laini, wazi. Ningefika na kurudi bila kulowa magoti.

Nilimgeukia Baba. Hakuwa akikitazama kile kitu. Alikuwa ananitazama mimi.

Hakuniambia nisiende. Hapakuwa na kiti mbele ya mlango. Nilikuwa na miguu yangu, na ukafiri wangu, na hoja ya maisha yangu iko pale chini inaningoja. Na hofu niliyoipata wakati ule ilizidi zote za majuma haya, kwa kuwa nilielewa vizuri: nikishuka, nimemwambia kwamba Jumatano ilikuwa hila, na kwamba siku yoyote yaweza kuwa hila, na kesho, na kesho kutwa, na Jumapili, mahali pengine pwani hii kuna ukingo mwingine, na hakuna kitu tena ulimwenguni kitakachomtoa chini yake.

Niliingiza mikono mifukoni.

Wimbi la kwanza lilikilowesha. La pili likakilaza. La tatu lilipoondoka, mchanga ulikuwa laini kama shuka iliyonyooshwa.

"Mfupa wa kondoo," akasema Baba.

Nimekaa na zile kete miezi miwili. Naijua rangi yao kuliko rangi ya macho yangu. Na baba yangu, sijawahi kumsikia akisema uongo hata kwa mkaguzi wa mifugo.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Mfupa wa kondoo."

Tulitembea. Upepo ulitusukuma kutoka nyuma. Karibu na lango akauliza, bila kunitazama, "Uliwaambia nini wale wazee?"

"Kwamba naogopa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Fupi," akasema, "kwa mtu kama wewe." Na akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama mtu anayevuka mto, hadi tulipoingia ndani.

Leo ameamka akiwa amechelewa. Nilipotoka kwenda ukumbini alikuwa kwenye bustani ya nyuma akichimba kaburi la kondoo jike aliyekufa usiku kwa baridi, koleo likiingia ardhini taratibu, kutoka juu. Nilisimama langoni nikimtazama hadi akaniona.

"Nenda kazini," akasema. "Hapa hakuna kitu cha kuniangukia."

Nilikwenda. Niligeuka nyuma mara nyingi.